Viungio vya Mabomba ya Chuma na Namba Zake za Forodha: Mazungumzo kwa Watumishi na Wakaazi wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mazungumzo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya watumishi wa umma, wafanyabiashara na wakaazi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa ukamilifu kwa kuwa ushuru wa forodha ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Linalosemwa juu ya mzigo unaoteremshwa gatini Kigoma linauhusu pia mzigo unaoteremshwa Malindi, Unguja, na Mkoani, Pemba.



Watu wa Ujiji hawahitaji kufundishwa kwamba aina ya bidhaa na jina lake ni sehemu ya thamani yake. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikishuka ziwani kutoka Bagamoyo na Tabora, shanga ndizo zilizokuwa fedha za sokoni Ujiji, na aina iliyokubaliwa hapo iliitwa sofi. Aliyefika na shanga za umbo au rangi isiyotakiwa alikuwa na mzigo begani, lakini hakuwa na fedha. Leo mzigo unaofika kwa reli na kwa lori ni wa aina nyingine: mabomba, elbo, tii, soketi, nipo na flenji. Hata hivyo, jambo lenyewe halijabadilika sana. Asiyejua kuutaja mzigo wake hulipa zaidi ya inavyompasa, au hungoja zaidi ya inavyompasa, au huingia katika kosa bila ya kukusudia.

Huenda msikilizaji akauliza kwa nini elbo ya bomba istahiki mazungumzo marefu. Jibu limo katika maji. Mji wa Kigoma unatazama ziwa lenye kina kipatacho mita 1,470, ambalo ni la pili kwa kina duniani. Lakini maji ya ziwa hayapandi mlimani yenyewe. Husukumwa kwa pampu, hupita bombani, na kila mahali bomba linapopinda, linapogawanyika, linapopungua upana au linapoungana na jingine, pana kiungio cha chuma. Kiungio kimoja kikikosekana, bomba lote ni chuma kilicholala ardhini.

Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha mwambao kilicho kaskazini mwa Kigoma, na kipindupindu kikazuka miongoni mwao na kuua watu. Meli ya Liemba ndiyo iliyotumika kuwachukua wengi wao hadi Kigoma. Tukio lile linatosha kuonyesha kwamba maji safi katika mwambao huu ni jambo la uhai. Kasha la viungio likikaa bandarini kwa sababu ya neno moja lililokosewa katika ankara, anayeumia si karani peke yake.

MFUMO WA NAMBA

Namba za bidhaa zitumikazo forodhani zinatokana na mfumo mmoja wa kimataifa wa kuzitaja bidhaa na kuzipa namba. Mkataba wake ulifanywa Brussels mwaka 1983, na mfumo ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, na hutumiwa na nchi na maeneo ya forodha zaidi ya 200. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile kila mahali. Kwa hiyo flenji iliyopakiwa Antwerp, ikapita Dar es Salaam, ikafika Kigoma na kuvushwa hadi Kalemie, inapaswa kubaki na tarakimu hizo sita safari nzima.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarakimu mbili zaidi huongezwa, na namba yote huwa na tarakimu nane. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini tarehe 2 Machi 2004 na Kenya, Tanzania na Uganda, na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Burundi, jirani wa karibu wa Kigoma, iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Viwango vya pamoja vya ushuru vilianza kwa makundi matatu, yaani asilimia 0, 10 na 25. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 limeongezwa kundi la nne la asilimia 35. Bidhaa huingia katika kundi kwa namba yake. Namba ikikosewa, kundi nalo huweza kukosewa.

Jambo la msingi ambalo kila mtumishi anapaswa kulishika ni hili: kitu huainishwa kwa kilivyo wakati kinapofika forodhani. Hakiainishwi kwa mradi kinakokwenda, wala kwa jina alilolizoea fundi, wala kwa matumaini ya mwenye mzigo.

KICHWA CHA 73.07

Bidhaa zilizotengenezwa kwa chuma zimewekwa katika Sura ya 73. Mabomba yenyewe yamegawanyika: ya chuma cha kusubu yako chini ya kichwa 73.03, yasiyo na mshono chini ya 73.04, yenye mshono, ya mviringo na yenye kipenyo cha nje kinachozidi milimita 406.4 chini ya 73.05, na yaliyobaki chini ya 73.06. Viungio vya mabomba vina kichwa chake, nacho ni 73.07. Kuandika "mabomba na vifaa vyake" kwa mstari mmoja ni kuchanganya vichwa viwili au zaidi, na afisa wa forodha hana budi kuusimamisha mzigo na kuufungua.

Ndani ya 73.07 maswali huulizwa kwa utaratibu, na utaratibu huo haupinduliwi.

Swali la kwanza: je, kiungio kimesubiwa, yaani kimemiminwa kikiwa chuma kilichoyeyuka katika kalibu? Kikiwa kimesubiwa kwa chuma cha kusubu kisichofulika, namba yake ni 7307.11. Kikiwa kimesubiwa kwa chuma kingine, kikiwemo chuma cha kusubu kinachofulika, namba ni 7307.19. Swali hili hutangulia mengine yote. Hata kiungio cha chuma kisichoshika kutu, kikiwa kimesubiwa, hubaki hapa.

Swali la pili, kwa kile ambacho hakikusubiwa: je, ni cha chuma kisichoshika kutu? Sheria haiangalii mng'ao. Chuma kisichoshika kutu ni kile chenye kaboni isiyozidi asilimia 1.2 na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 kwa uzito. Sumaku, ambayo wengi huiamini madukani, haitoshi kuwa shahidi, kwa sababu ziko aina za chuma kisichoshika kutu zinazovutwa na sumaku. Shahidi wa kuaminika ni cheti cha kiwanda kinachoonyesha mchanganyiko wa madini.

Swali la tatu: kina umbo gani, na kinaungwa vipi? Kwa chuma kisichoshika kutu, flenji ni 7307.21, elbo, mapindo na soketi zenye hesi ni 7307.22, vya kulehemiwa kichwa kwa kichwa ni 7307.23, na vinginevyo ni 7307.29. Kwa chuma cha pua cha aina nyingine, mpangilio ni ule ule: 7307.91, 7307.92, 7307.93 na 7307.99.

Izingatiwe kwamba namba ya 7307.92 imetaja elbo, mapindo na soketi tu. Tii yenye hesi haikutajwa, wala nipo haikutajwa. Kwa hiyo tii ya chuma cha pua kilichofuliwa, hata ikiwa na hesi pande zote tatu, huenda 7307.99. Makarani wengi huiandika pamoja na elbo kwa kuwa zimefungwa katika sanduku moja. Sanduku si hoja.

MAKOSA YANAYORUDIWA

La kwanza ni la elbo ya dukani. Elbo ya kawaida yenye hesi na mpako wa zinki, ambayo kila fundi bomba wa Mwanga na Ujiji anaijua, huitwa na wengi "elbo ya chuma cha pua". Mara nyingi sivyo. Huwa ni ya chuma cha kusubu kinachofulika: ina ukingo mnene mdomoni na huonyesha alama ya kalibu. Mahali pake ni 7307.19, si 7307.92. Mpako wa zinki ni nguo tu. Haubadili chuma kilicho ndani.

La pili ni la koki na valvu. Kifaa ambacho kazi yake ni kufungua, kufunga au kupunguza mwendo wa maji si kiungio, ingawa kimefungwa bombani na kina hesi kama soketi. Hicho ni cha kichwa 84.81, iwe ni koki ya bustani au valvu kubwa ya bomba kuu.

La tatu ni la vifaa visivyo vya chuma. Viungio vya plastiki viko chini ya 39.17, na vya shaba chini ya 74.12. Ankara inayosema "viungio, aina mbalimbali" haimwambii afisa lolote.

La nne ni la vishikizo. Kishikizo kinacholiweka bomba ukutani, bila ya maji kupita ndani yake na bila ya kuunganisha mdomo na mdomo, hakimo katika 73.07. Kadhalika bolti na nati zinazokaza flenji zina kichwa chake cha 73.18, na mpira unaowekwa baina ya flenji mbili una namba yake. Vitu hivi vikija pamoja kwa ajili ya mradi, haviwi "seti" kwa sababu hiyo tu. Kila kimoja hutajwa kwa mstari wake, idadi yake na thamani yake.

La tano ni la pampu. Wako wanaoamini kwamba viungio vilivyoagizwa pamoja na pampu ni sehemu za pampu, na kwamba vitafuata kichwa cha pampu, yaani 84.13. Maelezo ya Sehemu ya 15 ya kitabu cha ushuru yanakataa: viungio vya 73.07, pamoja na bolti na nati, vimehesabiwa kuwa sehemu za matumizi ya jumla, na hubaki katika vichwa vyake. Kiungio kilichokwisha kufungwa juu ya pampu, kikafika kikiwa kiungo chake, ni jambo jingine. Hicho huingia pamoja na pampu.

MELI ILIYOKUJA KATIKA MAKASHA

Kanuni za kuainisha bidhaa ni sita, nazo hutumiwa kwa kufuatana. Moja kati yake inaeleweka Kigoma kuliko pengine popote. Meli ambayo leo ni Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilikusanywa, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1914. Iliteremshwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikazamishwa kwa makusudi na mabaharia wake Julai 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya.

Zama hizo mfumo wa leo haukuwapo. Lakini lau makasha yale yangefika leo kwa pamoja, kanuni ya pili ingesema kwamba forodha haioni vipande elfu kadhaa: inaona meli moja, ambayo haijaunganishwa. Na lau leo italetwa flenji moja ya chuma kwa ajili ya kutengeneza bomba la injini ya meli hiyo, flenji hiyo haitaitwa "kipuri cha meli". Sura ya 89, iliyo ya vyombo vya majini, haina kichwa cha vipuri. Flenji itarudi mahali pake katika 73.07. Mafundi wa boti wa mwambao wanaoagiza vifaa kutoka nje wanashauriwa kulikumbuka jambo hilo.

MIZIGO YA KUPITA

Kigoma ni mlango wa nchi nyingine pia. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana juu ya sehemu maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, zilizojulikana kwa jina la Belbase, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Mizigo ya Bujumbura, Uvira na Kalemie haikukoma kupita njia hii. Shehena ya kupita hailipiwi ushuru kama ya matumizi ya hapa, bali huwekewa dhamana. Wako wanaodhani kwamba kwa hiyo namba yake haina uzito. Wamekosea. Hati ikisema "mabomba" na kasha likifunguliwa na kuonyesha valvu, shehena husimama, dhamana haifunguliwi, na meli huondoka bila ya mzigo.

HESABU YA FEDHA

Kwa mfano wa kuhesabu tu, tuseme mzigo una thamani ya forodha ya shilingi 40,000,000. Ukiwa katika kundi la asilimia 10, ushuru ni shilingi 4,000,000. Ukiwa katika kundi la asilimia 25, ushuru ni shilingi 10,000,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru: katika hali ya kwanza ni shilingi 7,920,000, na katika ya pili ni 9,000,000. Tofauti yote ni shilingi 7,080,000, bila ya kuhesabu tozo nyingine. Fedha hizo, zikilipwa kwa makosa na taasisi ya umma, ni mita za bomba ambazo hazitanunuliwa. Zikikwepwa kwa kuandika namba ya uongo, ni haki ya umma iliyochukuliwa, na duka la jirani aliyelipa kwa haki ndilo linalofungwa.

Viwango hubadilika kwa matangazo ya gazeti rasmi la Jumuiya, hasa wakati wa bajeti. Kwa hiyo kiwango kisomwe katika toleo linalotumika siku ya kutoa tamko, na isitegemewe ankara ya mwaka uliopita. Pia isichanganywe misamaha na namba. Mradi wa maji unaweza kuwa na msamaha uliotolewa kwa mujibu wa sheria, lakini msamaha haubadili namba ya kitu. Na msamaha uliotolewa kwa viungio hauihusu valvu iliyoandikwa kwa jina la kiungio.

HAKI NA WAJIBU

Ushuru wa forodha hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Sheria inayofuatwa ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo humpa mwagizaji haki, kama inavyompa wajibu.

Mwenye shaka anaweza kuomba kwa maandishi uamuzi wa Kamishna kuhusu namba ya bidhaa kabla mzigo haujaingia. Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna anaweza kuomba uangaliwe upya katika muda wa siku 30, na Kamishna naye hupaswa kujibu katika siku 30. Akiwa bado hakuridhika, anaweza kukata rufaa katika siku 45. Aliyelipa zaidi kwa makosa anaweza kudai arejeshewe, madhali ameomba katika muda wa miezi 12 tangu alipe. Kwa upande wa pili, ushuru uliolipwa pungufu unaweza kudaiwa hadi miaka mitano baadaye, na kutoa tamko la uongo kwa kujua ni kosa la jinai. Kumtumia wakala wa forodha hakumwondolei mwenye mzigo jukumu la kueleza mzigo wake ni kitu gani.

WANAYOOMBWA WATUMISHI NA WAKAAZI

Kwa kuwa mengi katika haya huharibika mezani kabla hayajaharibika bandarini, watumishi wa ununuzi, wahandisi wa maji, wafanyabiashara na mafundi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Oda ya ununuzi itaje kila kiungio kwa aina ya chuma, namna kilivyotengenezwa (kusubiwa, kufuliwa au kulehemiwa), umbo lake, kipenyo chake na namna kinavyoungwa.

(b) Muuzaji atakiwe kuleta cheti cha kiwanda pamoja na ankara, na maneno ya ankara yalingane na ya orodha ya mzigo.

(c) Mabomba, viungio, valvu, bolti na vishikizo viandikwe katika mistari tofauti, kila mstari na thamani yake.

(d) Palipo na shaka, uamuzi uombwe kabla ya meli kung'oa nanga huko itokako. Usingojwe mpaka kasha liwe limekwisha kushushwa.

(e) Sampuli moja ya kila kiungio kipya iwekwe ofisini, ili karani na fundi wakae mbele ya kitu kimoja na kukiita jina moja.

Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Fundi anakijua kitu lakini haijui namba. Karani anaijua namba lakini hajapata kukishika kitu. Mara nyingi kosa huzaliwa katika nafasi iliyo baina yao. Wawili hao wakikaa pamoja kwa nusu saa, elbo mkononi na kitabu cha ushuru mezani, mzigo hautalala gatini kwa ajili ya neno, na maji yatafika mlimani kwa wakati wake.